Mafumbo ya sataranji ninayafumbua kila siku, mbona kombinesheni hazinijii mashindanoni?

FarasiWaPembeni aliuliza:

Salaam ndugu zangu. Nimecheza sataranji ya mashindano kwa miaka 11, na alama zangu za Elo (kipimo cha nguvu ya mchezaji) zimekuwa zikizunguka 2000 kwa muda mrefu bila kupanda. Kila alfajiri, kabla sijaenda kazini, ninafumbua mafumbo thelathini kwenye simu, na mengi ninayapata ndani ya dakika moja. Lakini nikikaa mbele ya mpinzani wa kweli, uwezo huo siuoni. Mwezi uliopita, nikiwa bado na dakika 40 kwenye saa, nilitoa kafara ngome kwa kuamini kwamba mpinzani hana budi kuila. Hakuila. Alimsogeza mfalme wake mraba mmoja tu, na shambulio langu lote likafia hapo. Je, mchezaji wa kiwango changu ajifunze vipi kombinesheni, yaani mfululizo wa miendo inayomlazimisha mpinzani, mara nyingi wenye kafara? Niongeze idadi ya mafumbo, au nimekuwa nikifanya jambo lisilofaa tangu mwanzo?

MzeeWaNgome alijibu:

Ndugu yangu, pole kwa ngome hiyo. Fumbo la simu linakunong'oneza mambo mawili ambayo ubao haukwambii kamwe: kwamba kuna kitu cha kutafuta, na kwamba wakati wa kukitafuta ni sasa. Ukishayajua hayo mawili, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu unaijaribu kafara ya kwanza unayoiona na mara nyingi inakubali. Mashindanoni ni lazima wewe mwenyewe ugundue kwamba nafasi imeiva, kisha uhesabu majibu yote ya mpinzani, hasa lile ambalo hungependa alicheze.

Tazama mchezo wa mabingwa wawili mashuhuri, Kasparov na Topalov, uliochezwa Wijk aan Zee, Uholanzi, mwaka 1999. Katika mwendo wa 24 Kasparov alikula askari wa mraba d4 (herufi ni safu wima, namba ni mstari) kwa ngome, na Topalov akaila ngome hiyo. Mfalme wake, aliyekuwa a7, akaburutwa ubao mzima hadi d1, upande wa adui. Sote tunaukariri mchezo ule kwa uzuri wake, nami naupenda mno. Hata hivyo, kama Topalov angeiacha ngome na kumpeleka mfalme b6, angeweza kujitetea, na safari ile isingetokea. Mpinzani wako alikuchezea jibu la aina hiyohiyo. Kwa hiyo, kila unapohesabu kafara, anza na swali la kukataliwa: asipokula, nina nini?

Kuhusu mazoezi, ningekushauri upunguze mafumbo thelathini yawe manne, tena magumu, na uyapange kwenye ubao wa mbao. Usiguse kete. Andika kwenye daftari mstari wako wote pamoja na matawi yake, na ukishamaliza ndipo ulinganishe na jibu. Changanya humo nafasi za utetezi, na nyingine ambazo hazina kombinesheni yoyote, ili ujifunze pia kusema "hapa hakuna kitu". Nami nakupa moja ya kuanzia. Mweupe ana mfalme b6 na askari c6. Mweusi ana mfalme a1 na ngome d5. Mweupe anaanza na kushinda. Usiiwashe programu.

AskariWaSafuYaSaba alijibu:

Nakubaliana na Mzee kwa sehemu kubwa, ila naona mafumbo mepesi yamedharauliwa kupita kiasi. Mwaka 1973 watafiti Chase na Simon waliwaonyesha wachezaji nafasi za sataranji kwa sekunde chache, kisha wakawataka wazipange upya kwa kumbukumbu. Mabingwa waliwazidi wanagenzi kwa mbali pale nafasi zilipotoka katika michezo halisi, lakini kete zilipotawanywa ovyo ubaoni, ubora huo ulikaribia kutoweka. Maana yake ni kwamba bingwa amehifadhi maumbo mengi kichwani, na maumbo hayo huingia kwa kurudiarudia. Mtu aliyeuzoea mchezo wa bingwa Mmarekani Morphy, uliochezwa Paris mwaka 1858, ambapo malkia anatolewa kafara b8 ili farasi aondoke d7 na ngome itoe mati (mfalme anashambuliwa na hana pa kuponea) d8, hatapoteza dakika kumi kulitafuta umbo hilo akikutana nalo. Zile dakika kumi atazitumia kwenye hesabu anayoisema Mzee. Mimi ningebakiza mafumbo kumi mepesi kila siku, kisha mawili magumu ya daftarini.

FarasiWaPembeni aliandika tena:

Shikamoo Mzee, na asante sana ndugu Askari. Nimekaa na nafasi ile jana usiku kwa saa nzima. Nimeandika hivi: askari c7, ngome inatoa cheki (inamshambulia mfalme) d6, mfalme anakwenda c5 ili amsogelee askari wake, kisha askari anafika mstari wa mwisho na kuwa malkia. Naona ushindi ni mwepesi kuliko nilivyotarajia, jambo linalonitia shaka.

MzeeWaNgome alijibu:

Marahaba. Shaka yako ni ya haki. Mfalme akienda c5, ngome inashuka d1, na ukimfanya askari malkia, ngome inatoa cheki c1 na kumchukua malkia nyuma ya mfalme wako. Akienda b7, ngome inakuja d7 na kumfunga askari. Inabidi ateremke polepole: b5, cheki d5, b4, cheki d4, b3, cheki d3, kisha c2. Hapo Mweusi anacheza ngome d4, na huu ndio mtego wenyewe: askari akiwa malkia, ngome inatoa cheki c4, malkia analazimika kuila, na mfalme wa a1 anabaki hana pa kwenda wala hayumo kwenye cheki. Ni sare.

Nafasi hii ilichapishwa Glasgow mwaka 1895 ikitangazwa kuwa sare kwa sababu ya mtego huo. Padri mmoja Mhispania aliyeishi mjini humo, Fernando Saavedra, hakuishia pale wengine walipoishia. Alimpandisha askari cheo akawa ngome. Sasa Mweupe anatishia mati a8, Mweusi hana jibu ila ngome a4, na mfalme wa Mweupe anasogea b3: anaishambulia ngome, na papo hapo anatishia mati c1. Ulifika nyumba tatu kutoka mlangoni, ndugu yangu. Ipange tena leo, utafute pia kwa nini b5 inafaa wakati c5 haifai, na uandike sababu hiyo kwa maneno yako.

FarasiWaPembeni aliandika tena:

Nimeipanga. Kwenye b5 mfalme yuko nje ya safu ya c, kwa hiyo ngome ikishuka d1 haina tena cheki ya c1, na askari anakuwa malkia bila tatizo. Katika daftari langu jibu la "ngome d1" halikuwepo kabisa. Nilikuwa nimehesabu cheki peke yake.