Tupeane uzoefu: besi ya betri au isiyo na betri, ipi inatufaa wapigaji wa Dodoma?

Uzi wa Nne (Nkuhungu)
Wakuu, salaam. Napiga gitaa la besi kwenye kwaya, na vijana wanaoanza huniuliza swali hili kila mara: ninunue gitaa pasivu, yaani lisilo na betri, au lile la betri, yaani aktivu? Naomba kila mtu aseme alichokiona mwenyewe.

Naanza mimi. Kabla hujalitazama gitaa, tazama waya wako unaishia wapi. Makanisa mengi ninayopiga hayana amplifaya ya besi, unachomeka moja kwa moja kwenye mixa. Pikapu ya gitaa pasivu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Umeme wake ni dhaifu, unataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kama omu milioni 1. Tundu la kawaida la mixa mara nyingi lina omu elfu chache hadi makumi ya maelfu tu. Hapo sauti inafifia, mguso wa kidole kwenye uzi haufiki kwa watu, fundi mitambo akipandisha anapandisha na mvumo. Kisha wanasema gitaa bovu, kumbe ni zima kabisa! Aktivu ina priampu ndani, yaani kikuza sauti kidogo, inayoendeshwa na betri ya volti 9, kwa hiyo mixa hailielemei, na hata waya ukiwa mrefu sauti za juu hazipotei. Ndiyo maana mimi niko upande wa betri.

Dansi la Zamani
Mkuu, tatizo umelieleza sawasawa ila dawa si hiyo. Nunua DI boksi, kile kiboksi kinachokaa kati ya gitaa na mixa. DI ya aina ya aktivu inachukua volti 48 kutoka kwenye mixa yenyewe, na gitaa lako pasivu linasikika jinsi lilivyo. Besi ya Fender Precision ilitoka 1951, Jazz Bass ikaja 1960, zote bila betri, na dunia ilicheza. Gitaa lililoingiza betri kwenye uzalishaji mkubwa ni StingRay ya Music Man, 1976. Mimi nimepiga dansi kwenye kumbi za hapa na Morogoro kwa pasivu tu. Kitufe cha toni nakifunga nusu, besi inakaa chini ya solo na ridhimu bila kugombana na mtu. Sauti naitafuta kwa vidole: karibu na daraja inakaza, karibu na shingo inalainika.

Binti wa Chamwino
Shikamoo mzee wa dansi. Kwetu hali ni tofauti. Tukiimba kwa mtindo wa Kigogo, akina mama wanashika ngoma za muheme, na zile ngoma zinajaza chini kote. Besi pasivu inamezwa. Toni ya pasivu inapunguza tu, haiwezi kuongeza. Nilipopata gitaa lenye priampu yenye vitufe vya sauti za besi, za kati na za juu, niliacha kabisa kuongeza besi. Naongeza sauti za kati kidogo, na sasa waimbaji wanaisikia noti yangu hata ngoma zikichanganya. Hilo kwangu lina uzito kuliko yote yaliyosemwa humu.

Kibaigwa Juu
Betri jamani. Kwenye harusi moja mpigaji mwenzetu sauti ilianza kukwaruza katikati ya kuingia kwa maharusi, ikakata. Madukani zilikuwepo betri za rimoti tu. Kwenye gitaa nyingi za aktivu, kuchomeka jeki ndiko kunakowasha betri, hivyo ukiliacha na waya usiku kucha inakwisha. Chomoa kila ukimaliza.

Fundi wa Majengo
Niongeze la upande wa ufundi. Pasivu ikifa naifungua, ndani nakuta volyumu, toni na kapasita moja, mara nyingi ya mikrofaradi 0.047. Vumbi letu hili la kiangazi huingia kwenye volyumu ikaanza kukwaruza. Dawa ya kusafishia kontakti inatosha. Priampu ya bei rahisi ikiungua ni habari nyingine, kuipata kama ileile hapa mjini ni kazi. Pia msidhani betri inaondoa mvumo wa taa za tyubu. Gitaa nyingi za aktivu zina pikapu za kawaida kabisa, betri ni ya priampu tu. Mvumo unategemea pikapu: yenye koili moja inavuma, ya koili mbili inatulia.

Mwanafunzi UDOM
Asanteni sana wakubwa zangu. Bajeti yangu inatosha gitaa moja tu, DI boksi sitaweza kwa sasa. Nipo kwaya ya vijana, tunachomeka kwenye mixa.

Uzi wa Nne (Nkuhungu)
Mdogo wangu, Jumapili kaangalie kama mixa yenu ina kitufe kilichoandikwa Hi-Z (yaani ukinzani mkubwa) au chenye alama ya gitaa. Kama kipo, chukua pasivu, utulie. Kama hakipo, chukua aktivu yenye swichi ya kuzima priampu, na dukani lijaribu kwanza priampu ikiwa imezimwa, kwenye amplifaya ya gitaa. Likiwa halina sauti nzuri hapo, liache, hata muuzaji akushushie bei.