Cheni ya O-ring au seti ya kawaida? Nataka kununua Jumamosi

Vumbi_la_Njoro
Habari wadau. Cheni yangu imefika mwisho. Nimekaza mpaka alama za kule nyuma zimeisha na bado inagonga kava nikiongeza mafuta. Nimeulizia madukani hapa Nakuru: seti ya kawaida, yaani cheni na sproketi zote mbili (magurudumu ya meno, la mbele na la nyuma), Sh2,200. Cheni ya O-ring, ile yenye pete ndogo za raba kati ya mabamba, peke yake bila sproketi, Sh5,800. Muuzaji anasema nikichukua ya O-ring nitasahau habari za kukaza. Kuna jirani naye anayesema nikate pini mbili tu niirudishe hii hii. Kazi nitafanya mwenyewe nyumbani, spana ninazo. Mnashauri nini?

SpanaKumi
Pikipiki gani?

BintiWaRiat
Pikipiki gani, unabeba nini, unapita wapi? Umetupa bei, chombo umeficha.

Vumbi_la_Njoro
Aah, ni 150.

SpanaKumi
150 ya nani? Hapa Nakuru 150 ni nyingi kuliko makanisa.

Vumbi_la_Njoro
Boxer BM 150. Si ya boda, ni yangu ya kwenda kazini Njoro na kurudi, na mwezi ukiwa na pesa nateremka Kisumu kumwona mama. Kwenye cheni pameandikwa 428H.

FundiKibuye
Sasa tunaongea. 428 maana yake hatua ya nusu inchi, yaani milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Hiyo H ni mabamba ya pembeni mazito zaidi. Kabla hujatoa hata shilingi, pima. Vuta cheni inyooke, hesabu pini 21, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya 21. Mpya inasoma milimita 254. Mimi ikipita 259 siibembelezi, naitoa. Na upime sehemu tatu au nne, maana hailegei sawasawa. Ndiyo sababu unakaza vizuri hapa, ukisukuma gurudumu kidogo unakuta pale inaning'inia.

Huyo jirani wa kukata pini mwambie asante, lakini hapana. Cheni hairefuki kwa sababu chuma kimevutika. Inarefuka kwa sababu pini na bushi, ile mirija midogo inayozunguka pini, zimelika kwa ndani. Ukikata umepunguza urefu wa jumla tu. Kila hatua bado ni ndefu kuliko nafasi ya meno. Ukiifunga kwenye sproketi mpya itaila hiyo sproketi kabla mvua za masika hazijaisha.

Tuwekee picha ya sproketi ya nyuma. Meno yakiwa yamelala upande mmoja, hata cheni ya dhahabu haitakusaidia.

BintiWaRiat
Seti ya kawaida, bila kufikiria mara mbili. Mimi naishi juu Riat, kazi yangu iko Ahero, kwa hiyo kila siku nashuka mlima asubuhi na kuupanda jioni, na katikati pana ule udongo mweusi wa Kano. Udongo huo ukishika cheni hauulizi kama ina raba au haina.

Ninachofanya mwishoni mwa wiki: stendi ya kati, injini IMEZIMWA, mafuta ya taa na brashi kuukuu, nafuta kwa kitambaa, naacha ikauke. Halafu oili ya gia, ile namba 90, tone kwa tone upande wa ndani wa cheni huku nazungusha gurudumu kwa mkono. Naiacha iingie, kisha nafuta yote iliyobaki juu. Ile ya juu haina kazi yoyote zaidi ya kukusanya vumbi. Tofauti ya bei mimi nanunulia tairi.

SpanaKumi
Mambo mengi. Oili chafu ya injini inatosha. Boda wote wa Kaptembwo wanatumia hiyo.

BintiWaRiat
Na boda wote wa Kaptembwo wako dukani wakinunua cheni, kaka.

FundiKibuye
Oili chafu imebeba unga wa chuma na masizi ya injini. Unapaka msasa halafu unauita mafuta. Grisi nayo inakaa nje, haifiki kwenye pini. Kwa vumbi la Nakuru, grisi ni kama kubandika gundi.

Mvua_ya_Kericho
Mbona hamna anayemtetea O-ring? Mimi ninayo na sirudi nyuma. Hizo raba ndogo kati ya mabamba zinafungia grisi ya kiwandani ndani, pale pini inaposuguana na bushi. Maji hayaingii, vumbi haliingii. Huku Kericho mvua inanyesha karibu kila alasiri. Cheni ya kawaida ukiipaka asubuhi jioni imeshakauka na imeanza kutu. Yangu naikaza mara chache sana tangu niiweke. Masharti ni mawili tu: usiioshe kwa petroli wala thina, raba zitavimba na kupasuka, na usitumie brashi ya waya. Mafuta ya taa hayana shida. Nje bado unapaka oili kidogo, kwa ajili ya rola na meno.

Kwa hiyo muuzaji hajakudanganya sana. Amezidisha tu hapo kwenye kusahau.

FundiKibuye
Mvua, sikatai, lakini umemwachia nusu ya habari. Cheni ya O-ring ni pana zaidi kwenye pini. Kwa pikipiki ambayo haikuundiwa, lazima uangalie nafasi pale mbele karibu na kava ya injini na kule kwenye kava ya cheni. Nimeona moja iliyochonga mfereji kwenye alumini. Pili, ametajiwa cheni peke yake. Ukiweka cheni ya Sh5,800 juu ya sproketi iliyolika, umenunua cheni ya Sh2,000. Tatu, nyingine haziji na klipu ya kufungia pini ya kuunganishia, zinataka kifaa cha kugongea pini. Vumbi, kifaa hicho unacho?

Vumbi_la_Njoro
Sina. Nina nyundo na kipande cha chuma.

FundiKibuye
Basi tafuta yenye klipu.

DT_haifi
Mmetaja klipu, sasa nisikilizeni, maana hili linanihusu.

Nilikuwa naenda Eldoret na Yamaha DT 175 yangu. Cheni ilikuwa mpya, fundi mmoja wa pale mjini kwangu alikuwa ameifunga wiki hiyo hiyo, na mimi nilikuwa nimelipia cheni nzuri, si ya kubahatisha. Nikapita Timboroa, baridi ile mnaijua, ukungu mpaka kwenye magoti. Barabara ilikuwa inateremka kidogo, niko gia ya tano, nikasikia mlio kama kokoto zinamwagika ndani ya sufuria. Gurudumu la nyuma likafunga. Si kufunga kabisa, lilishika, likaachia, likashika tena, na mimi nikaenda nayo pembeni hivyo hivyo mpaka kwenye nyasi. Lori lilikuwa nyuma yangu. Dereva alipiga honi akapita, nashukuru alikuwa macho.

Nikashuka nikaona oili ya gia inachuruzika. Cheni ilikuwa imefunguka, ikajikunja pale kwenye sproketi ya mbele, ikapasua kava ya injini. Kipande cha ukubwa wa kiganja kilikuwa kimening'inia. Nikaita pikapu, na kuita pikapu Timboroa jioni mnajua wenyewe bei yake inapangwa na nani. Eldoret fundi mwingine akatafuta klipu, hakuna. Pini ya kuunganishia ipo, bamba lake limekwenda, klipu haipo. Yule wa kwanza aliifunga mdomo wazi ukiangalia mbele. Kila ikigusa kitu inasukumwa itoke. Sheria ni kichwa kilichofungwa kitangulie kule cheni inakoelekea, mdomo wazi ufuate. Nilipompigia simu kuhusu kava, alisema labda niliendesha vibaya. Kava ya DT kuipata leo ni hadithi nyingine, niliishia kuchomelewa alumini na bado inavuja tone moja moja.

Kwa hiyo Vumbi, nunua unayotaka, lakini klipu ifunge mwenyewe na uitazame kila unapopaka oili.

SpanaKumi
Pole mzee. Lakini sidhani ni klipu. Cheni ikikazwa kupita kiasi, ukikaa na mzigo springi za nyuma zikishuka, inavutika mpaka kitu kikatike. Uliacha ilegee kiasi gani?

DT_haifi
Ililegea vizuri. Nimeendesha DT kabla hujajua kufungua plagi.

SpanaKumi
Na bado unachanganya oili na petroli kwenye chupa ya soda kila stesheni.

DT_haifi
Hapo umejianika. DT ina tangi lake la oili pembeni na pampu inayochanganya yenyewe. Mipigo miwili, mwanangu. Hizo Boxer zenu zikifika Mau Summit zinapumua kama mgonjwa.

Mvua_ya_Kericho
Zote zinachoka huko juu, iwe mipigo miwili au minne. Hewa ni nyembamba. Nguvu inapungua karibu sehemu moja kwa kumi kila unapopanda mita 1,000, na kabureta iliyotegewa Kisumu inazidisha petroli. Vumbi, ukiona plagi nyeusi baada ya safari usilaumu cheni.

Vumbi_la_Njoro
Tukiwa hapo. Kwa kuwa nabadilisha sproketi, nikiongeza jino moja mbele nitaokoa mafuta? Barabara ya kushuka Kisumu injini inalia sana.

FundiKibuye
Hesabu ni rahisi. Chukua mfano ya nyuma ina 42 na ya mbele 14: sproketi ya mbele inazunguka mara 3 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Ukiweka 15 inakuwa 2.8. Jino moja mbele ni sawa na kutoa karibu matatu nyuma. Injini itatulia kwenye lami tambarare, lakini ukipanda utarudi gia ya chini mapema, na hapo mafuta uliyookoa yanarudi yalikotoka.

BintiWaRiat
Mimi niliendesha ya rafiki yangu yenye jino la ziada, Riat ilinishinda nikiwa na abiria mmoja. Nakuru mnaishi juu, karibu mita 1,850, injini tayari imeshapungua nguvu. Usiongeze.

SpanaKumi
Na mita ya spidi itadanganya.

BintiWaRiat
Fuata kebo ya mita kwa kidole uone inaingia wapi. Gurudumu la mbele. Sproketi itaidanganyaje?

SpanaKumi
Sawa, sawa.

Vumbi_la_Njoro
Nimepima. Sehemu moja 258, nyingine 261. Picha ya sproketi nimeweka hapo chini, samahani kwa matope. Ya mbele sijafungua, nati imegoma. Nilifikiria kuwasha injini na gia ili ilegee.

FundiKibuye
USIFANYE HIVYO. Na hata kupaka oili injini ikizunguka usithubutu. Najua mtu anayehesabu vidole vyake hadi tisa. Weka gia, kanyaga breki ya nyuma, tumia bomba refu kwenye spana. Angalia kwanza kama kuna bamba la kufungia, likunjue.

Picha nimeiona. Meno yamelala. Cheni ikibadilishwa, sproketi zote ziende nayo. Na ukishatoa gurudumu ingiza mkono ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, uangalie raba za kupunguza mshtuko. Zikicheza, mshtuko wote unaishia kwenye cheni mpya.

Mvua_ya_Kericho
Basi chukua sproketi nzuri na cheni ya O-ring pamoja, umalize.

BintiWaRiat
Au seti ya Sh2,200 na chupa ya oili ya gia, na ubaki na hela ya kwenda kwa mama.

Vumbi_la_Njoro
Mmeniacha pale pale. Raba za habu zimelegea pia, nimezigusa sasa hivi. Jumamosi nitapita kwanza duka la pili nione kama nafasi ya O-ring inatosha, nitaenda na kava mkononi.

DT_haifi
Ukiwa huko dukani niulizie kava ya kushoto ya DT 175. Hata kuukuu.

SpanaKumi
Kuna moja niliiona Free Area, imeandikwa haiuzwi.

DT_haifi
Nitumie picha.