Nafua nguo kutwa, daktari ananiambia nifanye mazoezi. Nifanyeje?

MamaFua_Njenga: Habari zenu. Nina miaka 41, naishi Mukuru kwa Njenga hapa Nairobi, nafua nguo za watu mtaa wa South B. Juzi nimepimwa presha, ikatoka 150 kwa 95. Daktari alinipa dawa, akasema, "Mama, fanya mazoezi." Nikabaki kumtazama. Asubuhi naenda kazini kwa miguu kuokoa nauli. Nikifika nainamia karai hadi alasiri, nakamua mablanketi kwa mikono, na maji yakipotea napandisha mtungi wa lita 20 mpaka ghorofa ya tatu. Jioni kwa miguu tena, halafu jiko na watoto. Mama ninayemfulia huenda msitu wa Karura na gari lake kukimbia. Mzee wangu ana mpira wake kila Jumapili. Mimi saa ya mazoezi niitoe wapi? Na hizi kazi zangu hazihesabiki?

Muuguzi_Umoja: Pole mama. Kutembea kwako kunahesabika kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki, na tangu mwongozo wa 2020 hata dakika chache chache zinajumlishwa. Tembea kwa kasi, uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Karai na mtungi ni mambo mengine. Ukinyanyua kitu kizito presha hupanda papo hapo, na kazi ya kutwa haikupi nafasi ya kupumzika. Yule wa Karura akimaliza anaoga, anakaa. Wewe ukitoka South B unaanza zamu ya nyumbani. Dawa usiache hata ukijisikia mzima, na chumvi punguza.

Kijana_SouthB: Si uingie jim tu? Za mtaani ni bei nafuu.

Dada_Kariobangi: Ndugu yangu, hizo za mtaani tunazijua: chumba cha mabati, vyuma vya kumwagia saruji kwenye mikebe, na wanaume peke yao. Mwanamke akiingia, macho yote kwake. Akikimbia barabarani jioni, miluzi. Shirika hilohilo lilitoa hesabu za 2022: duniani wanawake 34 katika kila 100 hawafikii kiwango, wanaume ni 29. Halafu tunaambiwa tu wavivu! Nani hubaki na watoto baba akienda uwanjani? Mama, ongea na mzee, Jumapili mgawane. Sisi wa chama hutembea pamoja asubuhi, na kundi la akina mama kumi hakuna wa kulipigia miluzi.

Baba_Donholm: Kweli kabisa. Mimi huenda na wangu wawili uwanjani, wanacheza nyuma ya goli mpaka mechi iishe. Mzee wako anaweza.

MamaFua_Njenga: Asanteni sana, nitaongea naye leo. Muuguzi, nikishakamua blanketi mabega huwaka moto na kichwa hugonga. Nifanyeje?

Muuguzi_Umoja: Usikamue. Mwambie mwenye nyumba lianikwe likichuruzika. Maji beba lita kumi kumi, hata kama ni safari mbili. Na hicho kichwa kinachogonga kamwambie daktari wiki hii, usingoje dawa iishe.