Binti yangu ameitwa chuo kidogo cha Kikristo Marekani: je, masomo ya sanaa huria yatamfikisha kwenye udaktari?

Baba Neema, Kahawa Sukari

Hamjambo nyote. Binti yangu alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, mwaka jana akapata A-, na majuzi akaletewa barua ya kukubaliwa katika chuo cha Kikristo cha sanaa huria (yaani masomo mapana ya fani nyingi kabla ya kubobea) kilichoko jimbo la Indiana, chenye wanafunzi wasiozidi 1,500, nacho kimeahidi kumlipia nusu ya karo. Ndoto yake ni udaktari. Mamake amefurahi mno, hasa aliposoma kwamba kuhudhuria ibada ni lazima. Mimi ninayetafuta hizo dola ndiye ninayesita, kwa maana nimeipitia ratiba ya mwaka wa kwanza nikakuta Agano la Kale, falsafa, historia na uandishi wa insha, na katikati ya hayo yote biolojia ni somo moja tu. Je, huku si kumrudisha mtoto sekondari? Naomba maoni ya waliosoma huko au wanaofundisha katika vyuo kama hivyo.

Mhitimu wa Michigan

Baba Neema, pokea salamu zangu. Nilisoma katika chuo cha aina hiyo na sasa ninafanya kazi Upper Hill. Ratiba uliyoiona ndiyo ya kawaida: shahada huchukua miaka minne na takriban krediti 120 (alama za kuhesabu masomo uliyomaliza), na sehemu kubwa ya miaka miwili ya mwanzo huenda kwenye masomo ambayo kila mwanafunzi huyapitia, awe wa fizikia au wa muziki. Hapa kwetu tumezoea mtihani wa mwisho wa muhula kubeba asilimia 70 ya alama, kwa hivyo mtu anaweza kulala hadi wiki ya mwisho kisha akakesha. Kule utaandika insha karibu kila juma, na darasani mko kumi na watano, kwa hivyo usipokuwa umesoma mwalimu anakuona usoni. Mwalimu wangu wa falsafa alinirudishia insha ya kwanza ikiwa imejaa wino, akaniita ofisini tukaipitia aya baada ya aya. Sijui ni wapi pengine ningepata hilo. (Somo la lugha ya kigeni nilisamehewa, kwa kuwa Kiswahili changu kilitosha, Neema naye aulize.)

Kuhusu ibada, vyuo hivi havifanani hata kidogo. Wheaton kule Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1860, huwataka wanafunzi wahudhurie, na hadi mwaka 2003 hakikuruhusu hata dansi chuoni. Calvin kule Grand Rapids huwa na ibada siku za masomo lakini hakimlazimishi mwanafunzi kuingia. Katika chuo nilichosoma mimi, kadi ya mwanafunzi ilisomwa na mashine mlangoni, na waliokuwa wakiingia kwa ajili ya kadi tu tuliwajua wote kwa simu walizokuwa wakichezea viti vya nyuma. Mamake Neema asidhani ulazima huo ndio utakaomlinda binti.

Mhadhiri wa Biolojia

Naafikiana na mwenzangu kuhusu insha, lakini swali lenyewe lilikuwa la udaktari, na hapo ndipo penye tatizo. Nchini Kenya mtoto aliyemaliza kidato cha nne huingia moja kwa moja kusomea udaktari. Marekani njia hiyo ni nadra sana: Neema atamaliza kwanza shahada ya miaka minne, kisha aombe nafasi katika shule ya udaktari kwa miaka mingine minne, na nyingi ya shule hizo hazipokei kabisa wanafunzi wa kigeni, au huwapokea wachache sana. Akirudi nyumbani na shahada ya biolojia, ataanza udaktari upya akiwa na miaka ishirini na kitu. Kama udaktari ndio moyo wake wote, ningesubiri nafasi za KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo hapa Kenya. Kama kinachomvuta ni biolojia yenyewe, utafiti au afya ya umma, basi chuo kidogo kina faida ambayo wazazi wengi hawaijui: kwa kuwa hakina wanafunzi wa uzamili, kazi ya maabara ambayo kwingine hupewa wao humwangukia mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Na kama ni malezi ya Kikristo pamoja na masomo mapana mnayoyatafuta, hayahitaji visa. Daystar ina hati ya kuwa chuo kikuu tangu mwaka 1994, na ina kampasi Athi River.

Mama Tito, South B

Ndugu yangu, nusu ya karo si nusu ya gharama. Uliza bweni, chakula na bima ya afya ni kiasi gani kwa mwaka, na uulize atalala wapi mabweni yakifungwa Krismasi, kwa sababu mwanangu alijikuta na masanduku mlangoni huku bwalo limefungwa, na nje ni theluji. Kazi ataruhusiwa kufanya chuoni, lakini si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, nayo haitoshi kulipa karo.

Tena chunguzeni kama chuo kimeidhinishwa na kama kina fedha. Alliance, chuo kikuu cha Kikristo cha New York kilichojulikana zamani kama Nyack, kilifungwa mwaka 2023 baada ya kunyimwa ithibati, yaani idhini rasmi ya ubora wa masomo, ingawa kilianza mwaka 1882. Huko Indiana wanaotoa ithibati ni Higher Learning Commission, na orodha yao iko wazi mtandaoni.

Baba Neema, Kahawa Sukari

Nawashukuru sana. Jana usiku nilimsomea Neema maelezo ya Mhadhiri, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mtu anaweza kufanya utafiti wa malaria bila kuwa daktari. Chuo kinataka malipo ya kushikilia nafasi kabla ya tarehe 1 Mei. Nimewaandikia kuhusu mabweni ya Krismasi na ithibati, na sitatuma hata senti kabla hawajanijibu.