Panya banda la kuku, na watoto na paka wapo nyumbani: tupeane uzoefu

mfugaji_chanika
Wakuu, salaam. Tunaofuga kuku wa kienyeji uani tunajua panya wanavyotutesa. Wanatoboa magunia ya pumba, wanabeba mayai, na kifaranga mdogo wanamburuta hadi shimoni angali hai. Ila uani huohuo kuna mtoto anayetambaa, kuna paka, kuna mbwa, na kuku wenyewe wanadonoa chochote. Wale wanaopita na spika wakinadi sumu ya panya, mende na kunguni huuza vipakiti visivyo na jina wala maelezo, na mtu akishanunua anamwaga tu chini ya banda. Hilo linanitisha kuliko panya wenyewe. Naomba aliyewapunguza bila kudhuru kiumbe kingine aeleze alivyofanya. Na aliyeshuhudia madhara aseme pia.

Naanza mimi. Kwangu dawa ilikuwa kuwanyima chakula. Kuku wakishaingia jioni natoa vyombo vyote, nafagia kilichomwagika, na pumba inalala kwenye pipa la chuma lenye kifuniko. Mayai ya mwisho naokota kabla giza halijaingia. Mwanzoni panya walizidi kuzurura kwa sababu ya njaa, kisha wakaanza kunasa kwenye mitego ambayo zamani walikuwa wanaipita tu. Kama gunia la pumba liko wazi pembeni, panya ana haja gani na dagaa wako mmoja mtegoni?

mama_kulwa
Asante kwa kuanzisha hili. Mimi niko Tabata, nyumba ya kupanga. Mpangaji mwenzetu aliweka sumu ya chengachenga nyekundu kwenye kifuniko cha chupa nyuma ya mlango wa stoo. Mtoto wa jirani, hata miaka miwili hajafikisha, akakutwa nazo mdomoni. Mama yake analia, huyu anasema apewe maziwa, yule anasema mafuta ya kula ili atapike. Kwa bahati pale nyumbani kuna bibi aliyewahi kuwa muuguzi. Akakataza yote. Akamtoa mtoto zile chenga mdomoni kwa kitambaa, akasema tafuteni pakiti ya hiyo sumu, wakapanda bajaji kwenda hospitali.

Ile pakiti ndiyo iliyosaidia. Daktari alisoma akajua ni sumu inayozuia damu kuganda. Akawaeleza kwamba mtoto anaweza kucheza na kula vizuri siku kadhaa, halafu ndipo damu ianze kutoka puani au kwenye fizi, kwa hiyo wasidanganyike kwa kumwona mzima. Alipimwa damu, akarudishwa kupimwa tena, na dawa yake ipo, ni vitamini K1. Mtoto ni mzima, namshukuru Mungu. Sasa fikirieni ingekuwa kile kipakiti cha mtaani kisicho na maandishi. Daktari angeanzia wapi?

fundi_kisauni
Poleni sana dada. Mimi najenga mabanda huku Kisauni, na naona watu wengi wanapoteza pesa kwenye wavu. Ule wavu wa kawaida wa kuku, wenye matundu makubwa ya pembe sita, unamzuia kuku asitoke, lakini panya anapita humo akitembea. Tumia wavu wa chuma mgumu wa matundu ya nusu inchi au madogo zaidi. Kama una vile vipanya vidogo vya nyumbani, shuka hadi robo inchi. Wavu uzame ardhini kama futi moja, kisha uukunje kuelekea nje, maana panya huchimba akiwa ameukumbatia ukuta, na akikutana na chuma miguuni haendi nyuma kutafuta njia nyingine.

Banda la miguu ni bora zaidi. Linyanyue angalau hadi magotini, ili chini yake pote paonekane, na kila mguu uuvishe bati la duara kama wazee walivyofanya kwenye vihenge vya nafaka. Mashimo ya ukutani nayaziba kwa saruji iliyochanganywa na chupa zilizopondwa.

bwana_mifugo_moro
Fundi umesema kweli. Naongeza upande wa afya. Mkojo wa panya ukiingia kwenye maji au chakula cha kuku, anayeshika vile vyombo ni mama na watoto. Mwaka 2022 kule Lindi ulizuka ugonjwa uliowatia watu hofu, na wataalamu walipopima wakakuta ni homa ya mgunda, ambayo panya ni mmoja wa wanyama wanaoieneza. Kwa hiyo kinyesi cha panya usikifagie kikiwa kikavu. Kinyunyizie maji yenye jiki, subiri, ndipo ukizoe ukiwa na glovu.

Kuhusu sumu, ile ya unga mweusi wa kijivu ikifika tumboni hutoa gesi, na gesi hiyo haina dawa ya kuipinga. Sitaki hata kuisikia kwenye ua wenye kuku. Ikibidi kabisa utumie sumu, iwe ya vipande vigumu vilivyotungwa kwenye waya ndani ya kisanduku kinachofungwa kwa ufunguo, kisanduku chenyewe kifungwe ukutani. Kila asubuhi okota panya waliokufa uwafukie kwa kina. Kuku akimla panya huyo, usile mayai yake wala nyama yake.

mwanamke_wa_machame
Hapo kwenye kuokota mizoga nawasihi msipuuze. Paka wetu alikufa akitokwa damu puani, na hatukuwahi kuweka sumu. Jirani ndiye aliyeweka. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo, anatembea akilegea, na paka anamwona ni windo rahisi. Ndiyo maana naona ni lazima kuongea na majirani kwanza, nyumba tatu nne zikubaliane. Na bundi pia tumwache jamani. Wazee wanamwita ndege wa uchuro, lakini usiku kucha anawinda panya bila malipo.

kijana_wa_uani
Nina mtoto wa mwaka mmoja. Vipi ule mtego wa ndoo ya maji yenye kijiti kinachozunguka? Na gundi?

mama_kulwa
Ndoo ya maji hapana, mdogo wangu! Mtoto wa umri huo anazama kwenye maji ya kimo cha kiganja tu.

mfugaji_chanika
Na gundi hunasa vifaranga na mijusi. Kifaranga akinasa mpake mafuta ya kula polepole, usimvute. Nunua mtego wa chuma wa kubana, uuingize ndani ya bomba la plastiki la inchi nne, ulaze bomba kando ya ukuta kwa sababu panya hupita humohumo kila siku. Mkono wa mtoto unaweza kuingia humo, kwa hiyo tega usiku tu na utegue alfajiri kabla hajaamka.

kijana_wa_uani
Chambo gani, kaka?

mfugaji_chanika
Nazi iliyochomwa, au dagaa. Ifunge kwa uzi kwenye kile kibati, la sivyo wanaichomoa na kuondoka nayo. Siku za mwanzo iweke bila kuutega mtego, wazoee.