Mgongo wa Picha za Baba

*Kikundi: Familia ya Mzee, Dar – Tunduru – Mwanza*

Dada Mkubwa: Asalaam aleikum familia. Mama shikamoo, Baba Mdogo shikamoo. Fundi wa fremu amezipitia picha alizochora Baba. Zile za ubao wa hadibodi kingo zimeanza kuvimba kwa unyevu. Anashauri azibandike kwa gundi kwenye plaiwudi, mgongo wote, halafu aweke vioo. Tuchange?

Kaka wa Mwanza: Waaleikum salaam. Shikamooni wazazi. Mimi naunga mkono, nitatuma leo hii.

Mama: Marahaba wanangu. Asiguse gundi huyo.

Kaka wa Mwanza: Mama, zitaharibika. Na ndizo tulizobakiwa nazo.

Mama: Mwambie dada yako aigeuze ile ya kanga wawili, iliyokuwa juu ya redio. Apige picha mgongo wake atume hapa.

Dada Mkubwa: 📷
Ee! Miaka yote hii sikuwahi kuigeuza. Pana maandishi ya rangi ya bluu, bluu ileile ya mbele. Upande huu una vijishimo kama wavu, kwa hiyo herufi zimekatikakatika. Nasoma: "Nyeupe imekwisha. Mtoto kaota jino."

Kaka wa Mwanza: Mtoto gani?

Mama: Wewe.

Kaka wa Mwanza: 😭

Mama: Baba yenu hakuwa mtu wa kumwaga rangi. Akimaliza picha, ile iliyobaki kwenye brashi haioshi kwanza, anageuza ubao anaandika. Rangi zenyewe zilikuwa za makopo, hizi za mafuta wanazopaka baiskeli, na bei yake mnaijua. Nilimwuliza kwa nini usinunue daftari. Akasema daftari litabaki hapa na mchwa, picha itasafiri. Basi nyingi zimeuzwa kwa wageni pale Oysterbay, zimeondoka na habari zetu mgongoni. Ada zenu za shule, homa zenu, siku mvua ilipoingia ndani. Huko ziliko wenyewe hawajui kusoma.

Baba Mdogo: Mama yenu kasema kweli, na mimi niongeze. Kaka alifundishwa na watu waliofundishwa na Mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mtu wa kwetu Tunduru. Mzee yule alianza kuchora 1968, na 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mwizi. Miaka minne tu! Mtindo mzima unaitwa kwa jina lake, lakini aliyokuwa akiyawaza akiwa ameinama kwenye ubao hakuna aliyeyapata. Kaka lilimuuma sana hilo. Alikuwa akiniambia, mimi nikifa watoto wangu wasiulize watalii baba yao alikuwa nani.

Mjukuu (Dodoma): Shikamooni wote. Bibi, na ile kubwa ya twiga?

Dada Mkubwa: Nimeigeuza. "1990. Leo ushirika wa wachoraji umeandikishwa. Nimekula ubwabwa na kuku."

Mama: Ubwabwa nilipika mimi. Hakuandika nilipika mimi, ila alikula sahani mbili.

Mjukuu (Dodoma): 😂❤️

Dada Mkubwa: Mama, hii ya chui imeandikwa kwa nyekundu: "Mke wangu kasema chui ana macho ya mtu. Nimeyafuta."

Mama: Alikuwa na macho ya mtu kabisa. Nilimwambia huyu silali naye chumba kimoja. Hakuna picha iliyotoka nyumbani sijaiona, na nikisema neno hakubishi, anakaa kimya kama siku mbili hivi kisha anarekebisha. Pitisha kidole taratibu juu ya jicho la kushoto. Rangi ya zamani iko chini, utaisikia imeinuka.

Dada Mkubwa: Nimeisikia Mama. Duara dogo, chini ya lile la njano.

Mama: Hapo. Mimi huwa napagusa nikitoka kuswali alfajiri. Sasa mkiweka kioo nitagusa nini?

Kaka wa Mwanza: Nisamehe Mama. Gundi basi, na kioo basi. Ila unyevu tufanyeje?

Mjukuu (Dodoma): Hadibodi ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, inanyonya maji na haisinyai tena vizuri. Tuziondoe ukuta ule unaopigwa na mvua, na ule wa jikoni. Fremu iwe ya kushika kingo tu, na nyuma tuweke vipande vidogo vya mbao ili hewa ipite. Vumbi lifutwe kwa brashi laini kavu. Msitumie maji, wala mafuta ya taa. Na jua la dirishani lisizifikie. Nikija nitazipiga picha zote, mbele na nyuma, taa ikiwa pembeni ili maandishi yasomeke.

Baba Mdogo: Safi mjukuu wangu. Na zile alizonipa mimi ziko huku Tunduru. Sijazigeuza hata moja. Naogopa, ila leo nitazigeuza.

Mama: Ukisoma usinitumie kwa maandishi. Nipigie.

Baba Mdogo: Sawa shemeji.

Mama: Watoto, mkija mtachagua kila mtu yake, baada ya kuzisoma pamoja. Ya chui haimo kwenye mgao.

Dada Mkubwa: Sawa Mama. Namrudisha fundi na gundi yake.