Naombeni ushauri: nakala ya ramani ya zamani ya Kijerumani ukutani, nyumba iko Tanga

MjukuuWaUsambara:
Wakuu, habari za jioni. Nina ukuta mtupu sebuleni, na kwa muda mrefu nimetamani kuweka pale nakala kubwa ya ramani ya Deutsch-Ostafrika (koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki), upana sentimita 120. Marehemu babu alipenda kutusimulia kwamba Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal, jina alilolisikia kwa baba yake. Siku nilipoliona limechapishwa kwenye ramani, mwili ulisisimka.

Mwaka jana nilipeleka picha kwenye duka moja la mabango. Waliponikunjulia, herufi zilikuwa zimevimba na kugandana. Neno Usambara angelisoma tu mtu anayejua tayari kwamba liko pale. Nikaitundika hivyo hivyo. Masika yalipoingia, madoa meusi yakaanza kupanda kutoka kona ya chini, karatasi ikajikunja.

Nataka kurudia, safari hii vizuri. Nianzie wapi? Na binti yangu yuko darasa la tano, je, ataweza kujisomea humo? Mama watoto naye ana shaka: anauliza kwa nini tutundike majina ya wakoloni nyumbani kwetu.

Mpiga_Chapa:
Mkuu, ile picha uliyowapelekea ilikuwa na pikseli (vidoti vinavyounda picha) ngapi?

MjukuuWaUsambara:
Nimeangalia sasa hivi, upana ni 1,600. Niliihifadhi tu kutoka kwenye simu.

Mpiga_Chapa:
Basi tatizo ni hilo. Sentimita 120 ni kama inchi 47. Gawanya 1,600 kwa 47, unapata nukta 34 kwa kila inchi. Hakuna mashine itakayokuokoa hapo. Ramani ina maandishi madogo, kwa hiyo usishuke chini ya nukta 150, maana yake faili lenye pikseli 7,000 na zaidi kidogo kwa upana. Ukipata 9,500 ni bora zaidi.

Usichukue picha za mitandao ya kijamii. Maktaba ya Bunge la Marekani na mkusanyo wa David Rumsey ulioko Chuo Kikuu cha Stanford wanaweka ramani za zamani zilizoskaniwa kwa ubora mkubwa, na kupakua ni bure. Soma masharti ya kila ramani, hasa ukitaka kuuza nakala. Kabla ya kulipia karatasi nzima, mwambie mchapaji akutolee kipande cha ukubwa wa A4 kutoka sehemu yenye maandishi mengi. Kisome ukiwa umesimama hatua moja. Kikisomeka, endelea. Na uulize kama wino ni wa pigmenti (wenye chembe za rangi). Wa kawaida hupauka haraka kwenye mwanga.

FundiFremu_Unguja:
Niongezee upande wa unyevu, maana huku kwetu ndiyo vita ya kila siku. Kwanza chagua ukuta. Ule wa nje unaopigwa na mvua ya masika uache, tumia wa ndani unaogawa vyumba. Usiweke panapoingia jua la moja kwa moja.

Karatasi isigusane na kioo. Ikigusa, unyevu ukiingia inanata, na siku ya kuibandua inachanika. Weka mpaka wa kadibodi isiyo na asidi pembeni ili pabaki nafasi. Nyuma ya fremu, kila kona, gundisha kipande cha koki (gamba jepesi la mti) chenye unene wa sentimita moja hivi ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Nimefungua fremu nyingi zilizooza, na karibu zote zilikuwa zimelala bapa ukutani.

Mwalimu_wa_Jiografia:
Kuhusu binti, ndugu yangu, hapo kuwa makini. Kwanza kipimio. Kama ramani ina maandishi ya 1:300,000, sentimita moja ni kilomita tatu, lakini hiyo ni kwa karatasi ya asili tu. Ukiikuza au ukiipunguza, uwiano ule unakuwa wa uongo. Kipimio cha mstari (ule uliochorwa na kugawanywa kwa kilomita) ndicho kinachobaki sahihi, kwa sababu kinakua pamoja na ramani. Mfundishe kupima kwa uzi akilinganisha na ule mstari.

Pili, tundika pembeni ramani ya sasa. Hata zile za shule za miaka ya 1990 zimepitwa: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilifanywa mikoa mwaka 2012, Songwe 2016. Mtoto akisoma ya zamani peke yake atakosea kwenye mtihani.

Ila zikikaa mbili pamoja, somo linajileta lenyewe. Akitazama kilele cha Kilimanjaro ataona Kaiser-Wilhelm-Spitze (Kilele cha Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani), jina aliloliweka Hans Meyer alipofika juu mwaka 1889. Kwenye ya sasa ataona Uhuru, jina la 1961. Ruanda na Urundi atazikuta ndani ya mpaka uleule mmoja. Atauliza, na wewe utakuwepo kumjibu.

BintiPwani_Mombasa:
Mimi niko upande wa mama watoto. Sebule ni mahali pa kupokea wageni, na kitu cha kwanza wakione ni jina la Kaiser? Ningeiweka kwenye chumba cha kusomea.

Au tafuta ile ya 1856 ya wamisionari wa Rabai, hapa karibu na Mombasa, Erhardt na Rebmann. Waliwauliza wasafiri wa misafara, kila mmoja akataja maji makubwa huko bara, wao wakayaunganisha yote kuwa bahari moja ndefu yenye umbo la koa. Kumbe yalikuwa maziwa matatu: Victoria, Tanganyika na Nyasa. Ni ramani hiyo iliyowachochea Waingereza kuwatuma wapelelezi Burton na Speke, walioanza safari ya bara mwaka 1857 wakiongozana na Mwafrika Sidi Mubarak Bombay. Naipenda kwa sababu maarifa yake yalitoka vinywani mwa watu wetu. Wasafiri walisema kweli, aliyekosea ni mchoraji.

MjukuuWaUsambara:
Dada, hiyo sikuijua kabisa. Nimemsomea mke wangu ujumbe wako wote, akaniambia niirudie ile sehemu ya koa.

Tumekubaliana hivi: ya koa ikae sebuleni, ya Wajerumani iende kwenye ukuta wa ndani karibu na meza ya binti, na ramani ya mikoa ya sasa pembeni yake. Chini ya fremu nitaweka kadi ya majina: Wilhelmstal ni Lushoto, Bismarckburg ni Kasanga, Sphinxhafen ni Liuli. Mwenye mengine aniongezee.

Fundi, hizo koki zinauzwa wapi, au nikate za chupa?

FundiFremu_Unguja:
Za chupa zinafaa kabisa. Kata vipande vilivyo sawa kwa kisu kikali, la sivyo fremu itakaa upande.